Je, maji hushusha presha?

Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, wengi hushauriana hivi: presha ikipanda, kunywa gilasi mbili za maji, itashuka. Ushauri huu una mantiki yake. Mtu akiketi, akanywa polepole na kutulia, kipimo huweza kushuka kweli. Ila mara nyingi kinachokishusha ni kule kutulia.

Maji yenyewe huvuta upande wa pili. Yakifika tumboni huamsha neva zinazobana mishipa ya damu. Kwa kijana mwenye afya, mwili hujisawazisha na kipimo hakibadiliki sana. Kwa wazee huweza kupanda kidogo. Kwa wale ambao neva zao za kudhibiti presha zimeharibika, nusu lita tu inaweza kupandisha namba ya juu kwa 30 au zaidi, ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo maana baadhi yao hushauriwa wanywe maji kabla ya kuinuka kitandani, wasije wakaanguka kwa kizunguzungu.

Hakuna sababu ya kuogopa maji, lakini usiache dawa kwa ajili yake.

Unaweza kujipimia kwenye kemisti ya mtaani. Usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Pima mara tu unapofika, kisha keti dakika 10 kimya, mgongo umeegemea, bila kunywa chochote, upime tena. Ukiona imeshuka, maji hayakuhusika. Siku tofauti zikizidi kukuonyesha 140/90 au zaidi, muone daktari.