Kulinganisha maktaba za nchi mbalimbali: tuangalie nini?

Tangu miaka ya 1990, wafugaji wa Garissa nchini Kenya wamekuwa wakipelekewa vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Wakifika shuleni au kwenye makazi ya wafugaji, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, na maktaba imefunguliwa. Magharibi mwa Norway, kwenye pwani iliyokatwakatwa na ghuba nyembamba, meli iitwayo Epos ilizunguka kwa miongo kadhaa na maelfu ya vitabu, kijiji hadi kijiji, mpaka huduma hiyo ilipokoma mwaka 2020. Ngamia huonekana kama kioja cha Afrika na meli kama ubunifu wa Ulaya. Kitaaluma jambo ni lile lile: watu wametawanyika, barabara haziwafikii, basi maktaba ifunge safari.

Ukutubi linganishi, yaani taaluma ya kulinganisha maktaba za nchi mbalimbali, huanzia hapo, kwenye kuuliza tatizo lilikuwa nini kabla ya kushangaa jibu. Wanafunzi wanaopewa kazi ya kulinganisha maktaba za nchi mbili hukimbilia idadi: vitabu vingapi, viti vingapi, kompyuta ngapi. Wengine huvutwa na majengo. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Helsinki Desemba 2018 mkabala na bunge la Finland, ina cherehani, studio za muziki na mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, na kila mgeni hurudi na picha zake. Ni wachache wanaouliza habari za sheria ya maktaba ya Finland ya mwaka 1928, iliyotangulia jengo hilo kwa miaka 90. Mimi ningeanzia kwenye sheria, na ndani ya sheria ningefungua kwanza kifungu cha fedha.

Chukua Uingereza. Sheria ya Maktaba za Umma ya mwaka 1850 iliruhusu miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 kutoza nusu peni kwa kila pauni ya kodi ya majengo, tena baada ya theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura kukubali. Fedha hizo ziliweza kutumika kwa jengo na mishahara, lakini sheria haikuruhusu zinunue vitabu! Wabunge walitarajia vitabu vitolewe na wahisani. Mwaka 1855 kiwango kilipandishwa hadi peni moja na vitabu vikaruhusiwa. Anayefikiri maktaba za Uingereza zilistawi kwa sababu Waingereza wanapenda kusoma kuliko wengine, asome sheria hizo mbili kwanza.

Mtu aliyeliona jambo hili vizuri alikuwa S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyeteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, mwaka 1924. Mwaka huohuo alipelekwa London kusomea ukutubi, akatumia muda mwingi kutembelea maktaba za miji na kuona jinsi wafanyakazi, akina mama na watoto walivyohudumiwa. Aliporudi India hakuiga kila alichokiona. Mfumo wa kupanga vitabu alijitungia wake, kanuni zake tano za ukutubi akazitoa mwaka 1931, na alichokipigania kwa miaka mingi ni sheria. Ilipopatikana Madras mwaka 1948, iliweka tozo ndogo ya maktaba juu ya kodi ya majengo. Wazo la kodi lilitoka Uingereza. Mfumo wa rafu ulikuwa wa kwao.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 1967. Muundo ulikuwa wa chombo kimoja cha taifa, na sheria ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliuendeleza. Kenya nayo ilianza na bodi ya taifa kwa sheria ya mwaka 1965, lakini Katiba ya 2010 imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo swali la nani anunue vitabu vya maktaba ya Mwanza na ya Kisumu haliendi kwenye ofisi za aina moja, ingawa miji yote miwili iko kando ya ziwa lile lile.

Baada ya fedha, tazama rafu. Mfumo wa desimali wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, hupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, na unatumika hadi leo katika maktaba zetu. Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Kiswahili utakikuta 496.392, baada ya kuzipita lugha zote kubwa za Ulaya. Kwenye dini, Ukristo umechukua nafasi kuanzia 220 hadi 280 na ushei, na Uislamu ukabanwa ndani ya 297. Msomaji wa Unguja anayetafuta tafsiri ya Kurani hulipa gharama ya mpangilio huo kwa namba ndefu zenye desimali nyingi.

Wajapani walitengeneza mfumo wao, uliotoka mwaka 1929. Waliazima wazo la desimali, lakini Kijapani kikapewa 810, Kichina 820, na Kiingereza kikasubiri 830. Kwenye dini, Ushinto na Ubudha vikatangulia Ukristo. Hata bila kwenda mbali hivyo, mfumo wa Dewey wenyewe unairuhusu maktaba kuipa lugha ya mahali pake namba fupi ya mbele. Kazi yake si ndogo, maana lebo za vitabu vya zamani zitabandikwa upya kitabu kwa kitabu, na rekodi zinazonakiliwa kutoka katalogi za nje zitaendelea kuja na 496.392. Kila kitabu kipya cha Kiswahili kitahitaji mkutubi wa kuirekebisha namba hiyo kwa mkono kabla hakijapanda rafuni.