Wati Nyingi Si Sauti Kubwa

Hapa Tanga, mtu anayekodi spika za harusi, taarabu au mkutano wa uwanja wa Tangamano huuliza wati kwanza, akiamini kwamba spika ya wati 2,000 hutoa sauti maradufu ya ile ya wati 1,000. Imani hiyo si sahihi. Wati ni kipimo cha umeme ambao spika inaweza kuupokea, wala si sauti inayotoka. Kuuzidisha umeme huo mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, ilhali ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani umeme mara kumi.

Kinachostahili kuulizwa ni unyeti, yaani desibeli zinazopimwa umbali wa mita 1 spika ikipewa wati 1. Spika yenye unyeti wa desibeli 100 ikipewa wati 100 hulingana na yenye desibeli 90 iliyopewa wati 1,000, na kwa maoni yangu muuzaji asiyeweza kuitaja namba hiyo hastahili fedha yako. Uliza pia kama wati zilizoandikwa ni za mfululizo, yaani zile spika inazohimili muda wote, au za kilele, yaani zile inazohimili kwa kitambo kifupi tu, kwa kuwa za kilele aghalabu huwa mara nne ya zile za mfululizo.

Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu hupotea takriban desibeli 6. Kwa hiyo, unapoijaribu spika, usisimame mbele yake. Nenda hadi safu ya mwisho ya viti, kisha sikiliza kama maneno ya mwimbaji yanaeleweka.