Kwa nini kubadilisha krauni na pinioni hulifanya gari lichomoke bila kugusa injini?

Weka mezani seti mbili za krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo zinazoumana kwenye ekseli ya nyuma, za Ford Mustang ya miaka ya themanini mwishoni. Ya kwanza ndiyo iliyotoka kiwandani: krauni ina meno 41, pinioni ina meno 15. Ya pili ndiyo ambayo wenye Mustang kule Marekani wamekuwa wakiinunua miaka nenda miaka rudi: krauni ina meno 41 vilevile, ila pinioni ina meno 11 tu. Tofauti ni meno manne, na abiria huyasikia mgongoni taa ikigeuka kijani.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini huzungusha giaboksi, giaboksi huzungusha propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari, na propela huishia ndani ya difu, kasha la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, kwenye pinioni. Pinioni huiuma krauni, krauni nayo huzungusha ekseli. Gawanya 41 kwa 15, unapata 2.73, yaani propela izunguke mara 2.73 ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Gawanya 41 kwa 11, unapata 3.73. Gurudumu linazunguka taratibu zaidi kwa mwendo uleule wa propela, lakini linazungushwa kwa nguvu zaidi. Waendesha bodaboda wanalijua hili: ukiweka sproketi kubwa zaidi nyuma, pikipiki inapanda mlima na mzigo wake, lakini mbio zinapungua.

Tupige hesabu. Mustang ya 1990 yenye injini ya V8 ya lita 5.0 ilikuwa na nguvu farasi 225 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (nyutoni-mita) 407 hivi. Uwiano wa gia namba moja ya giaboksi yake ni 3.35. Zidisha 407 kwa 3.35 kisha kwa 2.73: ekseli inapata kama Nm 3,720, tukiacha zile zinazopotea kwa msuguano. Weka 3.73, unapata karibu 5,090. Nyongeza ni asilimia 37, na farasi ni walewale 225.

Basi kwa nini Ford wenyewe hawakuweka 3.73 tangu mwanzo? Sababu ni mafuta. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, na mwaka 1975 ikatunga sheria ya kuwabana watengenezaji wa magari kuhusu ulaji wa mafuta. Difu ya 2.73 iliifaa hali hiyo. Kwa matairi ya 225/55R16, gari likiwa kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano, injini inazunguka mara 1,500 tu kwa dakika. Ukiweka 3.73, inazunguka kama mara 2,060. Safari fupi hutaona shida. Safari ya saa sita, masikio na tangi la mafuta vitakuambia.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita, na kwangu ndilo kiini cha yote. Ile asilimia 37 huipati kwenye kila mwendo. Tuseme unabadilisha gia injini ikifika mizunguko 5,000. Gari la 2.73 hufika kama kilomita 67 kwa saa likiwa bado kwenye gia namba moja. La 3.73 humaliza namba moja kwenye kilomita 49, na dereva inambidi akanyage klachi aingize namba mbili, ambayo ni 1.99. Kwa hiyo kati ya 49 na 67, gari la 2.73 lina uwiano wa jumla (gia mara difu) wa 9.15, na lililobadilishwa lina 7.42. Kwa kitambo hicho kifupi, lile la kiwandani ndilo lenye uwiano mkubwa! Faida halisi iko pale gari linapoondoka, kisha pale ambapo magari yote mawili yako kwenye gia ya namba ileile, na lililobadilishwa linaifikisha injini mapema kwenye mizunguko yake yenye nguvu.

Ndiyo maana kuendelea kupandisha namba hakulipi daima. Ukiweka 4.10 kwenye gari kama hili lenye matairi ya kawaida, gia namba moja inageuka kuwa ya kuchoma mpira: gurudumu linazunguka bure, gari liko palepale. Kwa gari la kila siku ningeweka 3.55, 3.73 kwa mtu anayependa mbio na hasafiri mbali sana, 4.10 ningemwachia mwenye matairi ya mashindano. Hata Toyota walikwenda kwa hatua ndogo: mwaka 2017 waliitoa Toyota 86 ya gia za mkono kwenye 4.10 wakaipeleka 4.30, nyongeza isiyofika asilimia tano.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Pinioni inakaa juu ya shimu, vipande vyembamba vya chuma vinavyoamua iingie kiasi gani kwenye krauni. Fundi anayejua kazi hupaka meno ya krauni rangi, anaizungusha kwa mkono, kisha anatazama alama iliyobaki. Ikiwa katikati ya jino, sawa. Ikiwa imeegemea ncha au shina, anafungua tena na kubadilisha shimu. Pleyi, yaani nafasi ndogo iliyobaki kati ya meno, hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Akikosea, difu italia, na ikianza kulia haiponi kwa kuongeza oili.

Spidomita pia inadanganyika, kwa sababu kwenye Mustang hizi husoma mwendo kutoka mkiani mwa giaboksi, kabla ya difu. Ukiwa kilomita 100 kamili, mshale unaonyesha karibu 137, mpaka ubadilishe kigia kidogo cha plastiki kinachoizungusha. Baada ya hapo endesha polepole kwa safari za mwanzo, uiache difu ipoe katikati, kisha umwage ile oili. Utaikuta imebeba unga wa chuma unaometa, mabaki ya meno mapya yakizoeana.