Karafuu moja, makonyo mawili

Mtoto wa Pemba hujua kuchambua karafuu kabla hajajua kushika penseli. Jioni za msimu hukaa jamvini na bibi yake, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ndiyo maana nikipokea darasa jipya la maandalizi hapa Wete, somo la ruwaza siendi kulitafuta kwenye karatasi za kupaka rangi. Naanza na konyo.

Ruwaza ni mpangilio unaojirudia kwa kanuni. Iliyo nyepesi kuliko zote ni ya vitu viwili: kombe, kokoto, kombe, kokoto. Mtoto wa miaka minne huishika upesi, na hapo ndipo nilipodanganyika miaka mingi. Nikiona safu imefika mwisho wa mkeka, natia alama ya vyema, napita.

Siku moja nikapanga karafuu moja, makonyo mawili, karafuu moja, makonyo mawili. Mtoto mmoja, hodari wa safu za vitu viwili, akaiendeleza: karafuu, konyo, karafuu, konyo.

"Hebu nisomee tangu mwanzo, mwanangu."

Akaweka kidole. "Karafuu, konyo, konyo. Karafuu, konyo, konyo. Karafuu, konyo…" Kidole kikasimama. Akanitazama, akaichomoa karafuu iliyofuata, akatia konyo. Sikusema neno.

Kumbe siku zote alichokuwa akijua ni kubadilisha tu: ukishaweka hiki, weka kile. Kipande kizima kinachojirudia hakuwahi kukiona, maana sikuwahi kumwonyesha. Bethany Rittle-Johnson na watafiti wenzake wa Marekani waliandika mwaka 2013 kwamba watoto wengi wa miaka minne huweza kunakili ruwaza na kuiendeleza, ila kukitambua kipande chenyewe huwashinda wengi wao.

Sasa kipande hicho tunakiita nyumba. Kila mtoto ana uzi wa kuzungushia: karafuu ni mama, makonyo ni watoto wake wawili, uzi ni ukuta. Wakishajenga nyumba tatu, navikusanya vitu vyote na kuwataka waijenge ile ile kwa mwili. Kofi moja, mapaja mara mbili. Anayeweza kuihamisha hivyo, huyo ameielewa, anayeuliza "karafuu ziko wapi?" bado. (Walio chini ya miaka mitatu wapeni vifuu. Karafuu nimeshazitoa puani mwa watoto, na si kazi ya kupendeza.)

Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyefungua skuli yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alikuwa na kazi ya kusuka vipande vya karatasi. Sisi karatasi ya nini, na ukindu tunao? Mwezi uliopita nilimwalika bibi wa mmoja wa wanafunzi, msukaji wa mikeka, aje na chane zake za rangi. Akakaa chini, watoto wakamzunguka, akawa anasuka ukili huku wao wanaimba: mbili juu, mbili chini, mbili juu, mbili chini.

Nilikuwa nimemnong'oneza akosee makusudi mara moja, nione nani atagundua. Kutafuta kosa hufundisha kuliko kuendeleza safu iliyo sawa. Akaruka chane moja, na watoto watatu wakapiga kelele kwa pamoja: "Bibi, umeruka!" Akafumua, akaendelea.

Baada ya kitambo kidogo kelele zikapigwa tena. Bibi akainua ukili, akausogeza karibu na macho, akanigeukia: "Mwalimu, hili silo lile ulilonituma."