Moto wa Mlimani, Chumvi ya Pangani

Mikoko ya Pangani inaharibikia huku kwetu Moshi. Mtu wa Tanga atashangaa, lakini Mto Pangani unapata maji yake kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, unapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha unaingia Bahari ya Hindi. Mikoko huishi pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Yakipungua ya juu, ya bahari yanapanda mto na kuingia hadi mashambani.

Katika kazi yangu ya ikolojia ya misitu, ninachokihofia zaidi ni ukanda wa miti ya erika wa Kilimanjaro, kwenye mita 3,000 hivi. Nenda asubuhi ya ukungu, hata kama hakuna mvua: nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini zinachuruzika maji, na udongo chini umelowa chepechepe. Miti hiyo inakamua ukungu. Ikiungua, vichaka vifupi vinavyoota baadaye haviwezi kazi hiyo. Tunalilia sana theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakati maji tunayopoteza kwa kuungua erika ni mengi kuliko yale ya barafu.

Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za wapanda mlima za Mandara na Horombo, ukateketeza kilomita za mraba zipatazo 95. Maelezo ya awali yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Warina asali nao huwasha moto kufukuza nyuki. Lakini mpagazi asiyepewa gesi ya kutosha na kampuni yake atapikia nini kwenye baridi ile? Lawama ianzie kwa aliyemtuma.

Chini ya ukanda wa erika, wapasua mbao walikata mikulo, miti mikubwa ya mbao, kwa miaka mingi, mpaka msitu ulipoingizwa hifadhini mwaka 2005. Mkulo hukua polepole mno. Halafu maji yaliyobaki yanagawanywa: miwa, mpunga, umeme wa mitambo ya Hale. Bwawa nalo linazuia tope ambalo mikoko inalihitaji.

Kwenye geti la hifadhi mzigo wa mpagazi hupimwa, usizidi kilo 20. Papo hapo gesi nayo ikaguliwe: kama haitoshi kupikia kundi zima, wapagazi wakiwemo, hadi siku ya kushuka, kundi hilo lisipande.