Vifaa vya kamera: tunayoambizana na ukweli wenyewe, kutoka Lamu

Juzi binti mmoja wa hapa Langoni alikuja kwangu baada ya Alasiri na karatasi mkononi, ameandika vitu kumi na vinne anavyotaka kununua kabla hajaanza kazi ya picha, na pesa zenyewe ni za chama, zamu yake imefika. Kamera anayo, kapewa na shangazi yake, ya zamani kidogo lakini nzima. Nikaisoma ile karatasi: tripodi ya kaboni, filta sita, begi kubwa la mgongoni, taa ya duara, droni. Betri ya pili haimo. Kadi ya pili ya kuhifadhia picha haimo. Hata kitambaa cha kufutia lenzi hakimo! Nikamuuliza, "Mwanangu, nani kakuandikia haya?" akaniambia ni vijana wa pale gatini wanaopiga wageni picha.

Iliniuma, manake najua hizo pesa zinavyopatikana. Mimi hupiga harusi za wanawake, yaani kesha na kupamba, sherehe za wanawake peke yao, na kila msimu naona wasichana wanaanza kwa kununua vitu vya kuonekana halafu siku ya kazi wanakwama kwa kitu kidogo. Kipimo changu ni kimoja tu na ndo nilichomwambia: kifaa cha lazima ni kile ambacho usipokuwa nacho kazi inasimama, ama picha inapotea, ama siri ya watu inatoka nje. Vingine vyote ni vizuri, lakini ngoja kazi ikuite ndo ununue.

Basi tuyachukue yale yanayosemwa sana.

"Tripodi ndo kitu cha kwanza baada ya kamera"

Hapana. Tripodi inatuliza kamera, haimtulizi mtu. Ukiwa ndani ya kupamba wanawake wanacheza chakacha, mwanga mdogo, ukaweka kamera kwenye tripodi kwa sekunde nusu utapata ukuta mzuri sana na watu wote wamekuwa moshi. Pale unahitaji lenzi inayofunguka sana, ya f/1.8 kwa mfano, ama flashi. Hata ukienda pwani usiku kupiga majahazi yaliyotia nanga, tripodi itashika vizuri nyumba na taa za ng'ambo, lakini jahazi lenyewe linayumba na maji kwa hivo litatoka na ukungu tu, mpaka usubiri maji yatulie.

Na tufikirie mji wetu pia. Vichochoro vya Mkomani vingine punda wawili hawapishani, ukitandaza miguu mitatu pale umefunga njia ya watu. Kamera na lenzi nyingi za siku hizi zina kituliza mtikiso ndani yake, mkono ukiwa imara na mgongo umeegemea ukuta utapiga hata kwa 1/15 ya sekunde na picha ikatulia, ila tu anayepigwa asisogee. Tripodi ina kazi yake, picha za majengo na vyumba, picha ya familia na wewe mwenyewe uwemo, nyota kule kwenye michanga ya Shela. Kwa anayeanza harusi si ya kwanza wala si ya tano.

"Kadi ni kadi tu, nunua yenye gigabaiti nyingi moja yatosha"

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo watu wanalia.

Kwanza ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, megabaiti 170 sijui 200 kwa sekunde, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani ya kutoa picha kupeleka kwenye laptopu, si ya kuandika. Unayotaka kuangalia ni ile alama ya V. V30 ina maana kadi haitaandika chini ya megabaiti 30 kwa sekunde hata ikichoka. Video ya 4K ya kamera za kawaida ikiandikwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji kama megabaiti 12 na nusu tu kwa sekunde, manake megabiti nane ndo megabaiti moja, kwa hivo V30 inatosha na inabaki. Asikuuzie mtu V90 ya bei ya mbuzi kama kamera yako haina kazi nayo.

Pili, usinunue moja kubwa, nunua mbili za wastani. Kamera ya megapikseli 24 ikipiga RAW, yaani picha ghafi, faili moja linakula kama megabaiti 25 mpaka 30, kwa hivo kadi ya gigabaiti 64 inabeba kama picha 2000 hivi, harusi nzima hio. Ukiwa na kadi mbili, moja ikifa umepoteza nusu ya usiku, si usiku wote. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iambie iandike kote kuwili kwa wakati mmoja.

Tatu, kadi bandia zimejaa. Mimi niliwahi kununua moja ya gigabaiti 128 duka fulani Mombasa, imepakiwa vizuri kabisa, nikaingia nayo kesha. Ilikuwa inaonyesha 128 lakini ndani haifiki hata robo, ikijaa inaendelea kujifanya inaandika huku picha zinaharibika. Nilipofika nyumbani nikakuta picha nzima zinaishia pale bibi harusi anapakwa hina, na baada ya hapo mafaili hayafunguki hata moja. Kumwendea mama yake asubuhi kumwambia, wallahi sitaki yanirudie. Tangu siku ile kadi mpya haiingii kazini kabla sijaijaza yote na kuisoma yote kwa programu ya bure, kuna H2testw ya Windows na kuna F3 ya Mac na Linux, inachukua muda lakini unaiacha usiku inafanya yenyewe.

"Ukifuta picha zimeondoka"

Hii naomba dada zangu mnaopiga harusi za wanawake muisome mara mbili. Kwenye kupamba wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wamekaa kwa uhuru kwa sababu wanajua ni wenyewe kwa wenyewe. Simu zinawekwa mlangoni. Kamera pekee inayoingia ni yako wewe. Hio ni amana.

Ukweli ni kwamba ukifuta picha kwenye kadi, ama hata ukifomati kwa haraka, mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu, picha zenyewe zinabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anazitoa. Jambo hili linasaidia ukifuta kwa bahati mbaya, unaitoa kadi hapo hapo huigusi tena mpaka urudishe. Lakini pia ina maana kadi iliyopiga harusi haiazimwi, haiuzwi, haipelekwi kwa fundi. Ikizeeka ijaze picha za ukuta mpaka pomoni au ivunje. Kwa hivo kifaa changu cha lazima ambacho hutakiona kwenye orodha ya mtu ni kijisanduku kidogo cha kadi chenye kufungika, kinakaa mwilini mwangu ndani ya buibui mpaka nifike nyumbani, hakikai kwenye begi. Na diski ngumu mbili za kuwekea picha, zenye nywila, moja kwangu moja kwa mama, manake nyumba moja ikishika moto ama ikaibiwa ya pili ipo.

"Betri mpya haiishi, na lazima uimalize kabisa kabla hujachaji"

Hayo ya kumaliza yalikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Hizi za lithiamu hazitaki hivo, kuzimaliza mpaka sifuri kila mara kunazichosha, na ukiziweka muda mrefu bila kazi ziache zina chaji nusu hivi, mahali pa baridi. Joto ndo adui, usiache betri juani kwenye boti.

Kuhusu kuisha, zile kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani, mirrorless, zinakula stima kweli, nyingi zimepimwa kupiga picha 300 mpaka 400 hivi kwa betri moja, wakati zile za kioo zilikuwa zinapita 800. Kesha inaanza usiku inaisha karibu na Alfajiri, na stima inaweza kupotea wakati wowote. Betri tatu, si mbili. Za kampuni nyingine za bei nafuu si mbaya zote, ila ukiona moja imevimba usiilazimishe ndani ya kamera, itakwama humo. Na mkisafiri kwa ndege kutoka Manda betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloenda chini, na vichwa vya shaba vimefunikwa.

"Filta ya UV ni lazima, la sivyo picha inaharibika"

Filamu za zamani zilikuwa zinaathirika na miale hio. Kamera za dijitali zina kioo cha kuizuia mbele ya sensa, ile sehemu inayopokea picha, tayari, kwa hivo picha haibadiliki kitu. Watu wanasema inakinga lenzi. Inakinga, ukiwa baharini upepo wa kusi unarusha chumvi na mchanga mimi mwenyewe naivaa. Lakini ndani usiku, taa za mapambo ziko mbele yako, hicho kioo cha ziada kinarudisha mwanga na unapata vidoa vya taa vinaelea juu ya uso wa bibi harusi. Itoe. Kofia ya plastiki ya mbele ya lenzi, ile iliyo wazi, si kifuniko, inazuia jua la ubavuni, na ukigonga kwenye mlango wa kuchonga inagongeka yenyewe, na nyingi zinakuja bure na lenzi.

Filta ambayo kompyuta haiwezi kukufanyia kazi yake ni polaraiza, ile ya kuzungusha. Inaondoa mng'aro juu ya maji ukaona mpaka chini, na huwezi kuuondoa vizuri ukiediti baadaye. Inafanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako, na sisi tulioko digrii mbili tu kusini ya ikweta saa sita jua liko karibu na utosini, kwa hivo anga ya chini pande zote inakolea rangi. Inakula mwanga, na lenzi pana sana inafanya anga iwe na baka. Ni ya wanaopiga bahari, si ya harusi.

"Kamera ikiingia unyevu itie kwenye mchele"

Mchele uacheni jikoni, unanyonya kidogo sana na unga wake unaingia kwenye vitundu. Kinachofanya kazi ni vile vijipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, tena si siku imeshalowa, ni kila siku. Hewa yetu ni nzito, lenzi ikikaa gizani kwenye begi la ngozi ndani ya kabati miezi miwili utaiona ina nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, hio ni ukungu wa kuvu na kuusafisha ni ghali, saa nyingine hausafishiki. Sanduku la plastiki la chakula lenye mpira wa kubana, vipakiti vya silika ndani, basi. Begi kubwa la nini.

Na kuna hili la AC. Chumba cha bibi harusi kimepozwa, ukitoka ghafla uwanjani kwenye joto lenzi inajaa mvuke saa ile ile, na ndo wakati anatolewa! Ifunge kamera ndani ya begi kama nusu saa ipate joto polepole kabla hujaitoa, ama mwombe mwenye nyumba azime AC mapema.

Kusafisha: usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usifute kwa leso uliyojifunga, chembe moja ya mchanga inachora kioo. Pampu ya mpira ya kupulizia kwanza, kisha kitambaa laini. Ukitoka baharini kitambaa chenye maji matamu kidogo juu ya bodi, kisha kavu, chumvi haingoji. Na mkanda wa shingoni usiutoe ukipanda boti.

"Flashi inaharibu sura ya picha"

Inaharibu ukiielekeza usoni. Nyumba zetu za mawe zina kuta nyeupe za chokaa, geuza kichwa cha flashi ipige ukutani nyuma yako na mwanga unarudi laini kama wa dirishani. Kwenye paa la makuti hakurudi kitu, na kwenye hema la pazia la waridi watu wote watakuwa waridi, hapo tumia kikaratasi kigumu cheupe juu ya flashi. Hii kwa mpiga harusi naiweka kwenye lazima, baada ya betri na kadi.

Droni nilimwambia aisahau kabisa kwa sasa, Kenya inataka usajili na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya maji tu hapo.

Tukaikata karatasi. Zikabaki betri mbili za kuongeza, kadi mbili za 64, sanduku na silika, pampu na kitambaa, flashi moja ya mtumba, na diski ngumu. Pesa za chama zikabaki karibu nusu. Akaniuliza, na siku mtu akinitaka nikapige nyumba yake ya kukodisha wageni, bila tripodi nitafanyaje? Yangu iko nyuma ya mlango, nikamwonyesha, aje aichukue siku hio.