"Malaika" Yenyewe ni Ipi?

Kila ninapopiga "Malaika" katika kipindi changu cha zilipendwa, simu haichelewi kulia, na malalamiko ni yale yale: "Mtangazaji, hiyo ni ya kuiga, tuwekee ile yenyewe." Nikiuliza ile yenyewe ni ipi, aliyekuwa kijana katika miaka ya 1960 hunitajia Miriam Makeba, aliyebalehe mwanzoni mwa miaka ya 1980 hunitajia Boney M., na mdogo wao humtaja Angélique Kidjo. Fadhili William, aliyeurekodi wimbo huo Nairobi kabla yao wote, hutajwa na wachache mno.

Dhana kwamba toleo ulilokua nalo ndilo la asili ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kumbukumbu hushika nyimbo kwa nguvu zaidi kuanzia ujanani hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu; utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa wasikilizaji walizipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa karibu miaka 24. Wimbo unaousikia mara kwa mara katika umri huo huzoeza sikio lijue hata mahali mwimbaji atakapovuta pumzi, kwa hiyo mwingine akivuta pumzi kwingine, wewe husikia kosa. Ushahidi ninaoupenda ni neno moja tu. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini Makeba aliimba "ningekuoa" vile vile kama Fadhili, na wazee wangu, ambao humsahihisha mjukuu kwa kosa dogo kuliko hilo, hawajawahi kulinung'unikia.

Tena huo uasili wanaouapia haujatulia hata kwa wajuzi, kwa kuwa Mtanzania Adam Salim alidai kwamba aliutunga mwaka 1945, miaka mingi kabla ya rekodi ya Fadhili. Ndiyo maana humshauri kila anayenipigia alisikilize toleo asilolipenda mara moja kwa siku, wiki nzima, kabla ya kunipigia tena. Wengi hunipigia kesho yake.

Wapo wanaodai kuwa vijana hupenda matoleo mapya tu. Si kweli, kwani nyimbo zilizopigwa sebuleni na wazazi hukaa nao pia, na barua nyingi za kumtetea Makeba huandikiwa mimi na watu waliozaliwa baada ya 1990. Wengine husema kinachoamua ni ubora wa studio. Hao hawajamwona mzee akikataa santuri iliyosafishwa kwa sababu haina mkwaruzo anaoujua.

Kuhusu "Jambo Bwana", Boney M. waliitoa mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya bendi ya Kenya ya Them Mushrooms, lakini Mombasa, walikokuwa Them Mushrooms wakiipiga hotelini, hakuna aliyewahi kuniuliza ya nani ndiyo yenyewe.